Ovaroli Zisizokauka

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Tumelipua safu moja tu ya mwamba, kisha maji yakajaa kwenye matundu ya baruti na msimamizi akatuachia mapema. Nitaandika mpaka mvua ziishe, kama mwaka jana. Siku za mvua hufanana, na zisipoandikwa hupotea.

Kibanda cha kufulia pale machimboni kiliangukiwa na mti na hakuna aliyekijenga upya, kwa hiyo kila mtu anarudi nyumbani na ovaroli yake. Mke wangu ameipokea yangu mlangoni kwa ncha za vidole, kama anayepokea panya.

"Siku nguo hii ikisimama yenyewe," amesema, "mimi nitaiamkia."

Imetundikwa kwenye kamba juu ya kitanda. Inatona.

Jumapili, 9 Machi

Kipenga amekuja asubuhi amelowa chapachapa. Ndiye fundi baruti mkuu na ndiye aliyenifundisha kazi. Jina la Kipenga alipewa kwa sababu hatulipui jiwe lolote kabla hajapuliza chake mara tatu na kuhakikisha kila mtu amejificha. Paa la ghala la baruti linavuja, na alikwenda peke yake kuyapandisha maboksi juu ya mbao. Sheria inataka tufungue tukiwa wawili, yeye na mimi. Nikamkumbusha.

"Sheria hailowi, mwanangu," amesema. "Maboksi ndiyo yanalowa. Nikuamshe Jumapili kwa ajili ya paa?"

Mke wangu amempa shati langu kavu na chai. Mzee ana mikono kama gome la mti. Hakuwahi kuturuhusu kuvaa glavu tukijaza matundu; anasema mwenye glavu hajui ameshika nini. Mke wangu akamwambia, "Baba, mikono hiyo ukimshika mtoto inamchubua." Wakacheka mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Hakuna kazi.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikuwa dukani karibu na stendi, nikinunua sabuni. Mimi milipuko ndiyo kazi yangu. Mwamba ukipasuka, sauti hutoka chini, nzito, na ardhi husukuma nyayo kabla masikio hayajajua. Hii ya leo ilipita juu, kavu, ikanipiga kifuani. Nilijua si mwamba. Na hakuna aliyepuliza kipenga.

Kioo cha duka kilituingilia ndani. Mwenye duka alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, na damu ikaanza kumtoka shingoni. Nilimfunga kwa shati langu nikatoka nje.

Mabasi mawili yalikuwa yakiungua. La tatu halikuwa na paa, na abiria walikuwa bado wamekaa kwenye viti vyao, wengine bila vichwa. Mtu mmoja alikuwa akitembea kuelekea barabarani huku ameshika tumbo lake kwa mikono miwili lisimwagike. Alipita karibu nami, akanisalimu, akaanguka. Nilibeba niliowaweza mpaka kwenye gari la mchanga lililokuwa linapeleka majeruhi. Mwanamke mmoja alikuwa ameegemea ukuta. Aliniomba nimtafutie kiatu chake. Nilikitafuta. Nilipokipata, mguu ulikuwa bado umo ndani. Nikarudi nikamwambia sijakiona.

"Basi usijisumbue, kaka," akasema.

Nilipomrudia mara ya pili alikuwa amekufa.

Nyumbani mke wangu amenivua nguo uani kwenye mvua, akanimwagia maji bila kuuliza. Binti yetu alikuwa akichungulia dirishani. Mama yake akamwambia, "Baba amebeba rangi." Baadaye amenikuta nimekaa na sahani ya chakula mbele yangu. Akaiondoa, akakaa mahali pake.

Jumatatu, 17 Machi

Kundi lililolipua stendi limejitangaza kwa ujumbe kwenye simu za watu, na serikali imetangaza hali ya hatari. Wanajeshi wameweka kizuizi darajani. Kila anayepita anapanguswa kiganja kwa karatasi nyeupe, karatasi inadondoshewa dawa. Ikigeuka zambarau, umeshika baruti.

Sisi wa machimbo tulicheka. Mikono yetu ingegeuza hata ukuta. Msimamizi naye si mjinga, ameongea na jeshi, na tumepewa vitambulisho vyenye picha. Ukikionyesha, hupanguswi. Nikamwambia mke wangu, kwa mara ya kwanza serikali imefikiria jambo kabla halijatokea.

Tumempeleka binti yetu kwa bibi yake, ng'ambo ya daraja, mpaka mambo yatulie.

Jumatatu, 24 Machi

Yule mwenzetu tunayemwita Redio leo hakunyamaza. Ni mtoboaji mwamba, na mashine yake ikizima yeye huwaka. Amesema kuna watu wasio na vitambulisho wanaonawa mafuta ya taa kabla ya kufika darajani, na sasa askari wanamkamata kila anayenuka mafuta ya taa. "Yaani ukinuka baruti, wewe ni gaidi. Ukinuka mafuta ya taa, wewe ni gaidi msafi." Kipenga akamwambia mdomo wake utamfikisha mbali. Redio akajibu, "Mbali si kubaya, mzee, ilimradi nauli alipe mwingine."

Jioni hii darajani wamempiga risasi mtu aliyekimbia. Alikuwa amebeba mbuzi wa wizi. Mbuzi naye kapigwa.

Nilimwambia Kipenga kwamba siku moja Redio atatuponza sote. Debe tupu haliachi kuvuma.

Ijumaa, 28 Machi

Wamemchukua mke wangu.

Naandika kwa mpangilio ili nisiruke kitu. Asubuhi alifua ovaroli mbili, maana kesho kuna ukaguzi. Hakuweza kuzianika nje. Alizikamua, akazitundika ndani, akafuta mikono kwenye gauni, akatoka kwenda kumwona mtoto. Mke wa Redio alikuwa nyuma yake kwenye foleni na ndiye aliyenieleza.

Karatasi iligeuka hata kabla askari hajaishusha chupa ya dawa. Askari aliruka nyuma. Wakamlaza kifudifudi barabarani kwenye maji, buti shingoni, na watu wote wa foleni wakaambiwa walale pia. Mke wangu alisema, "Ninafua tu. Mume wangu ni wa machimbo."

"Kitambulisho."

"Kitambulisho ni cha mume."

"Basi angekuja mume na mikono yake."

Walimpiga pale pale. Mke wa Redio anasema alihesabu mateke kisha akaacha kuhesabu akaanza kuomba. Walimtupa nyuma ya gari pamoja na wanawake wengine wawili. Mmoja mume wake ni dereva wa mashine ya kusaga kokoto. Mwingine hajulikani.

Vitambulisho tulipewa sisi wanaume. Machimbo yote, na msimamizi wake na jeshi lake, hakuna hata mmoja aliyewaza nani anafua.

Nilikwenda darajani na kitambulisho changu. Wakanielekeza kambini, kwenye kiwanda cha zamani cha viatu. Getini nilisema maneno matatu, askari akanipiga kitako cha bunduki mdomoni. Jino moja limekatika, lingine linacheza. Nimerudi nyumbani, ovaroli zinatona juu ya kitanda. Nimeziacha.

Jumapili, 30 Machi

Mama mkwe amekuja na binti yetu. Alipita darajani akiwa amenyoosha mikono mbele tangu mbali, kama mtu anayeota moto. Hajanilaumu. Amezikuta ovaroli, amezishusha, amezifukia nyuma ya nyumba. Kisha akasema, "Mimi nilimwozesha binti kwa mtu, si kwa jiwe."

Jumanne, 1 Aprili

Kambini tena. Hawafungui.

Alhamisi, 3 Aprili

Jeshi limeingia machimboni. Walitupanga kwenye tope, mikono kichwani, wakapita na nyaya za umeme wakitupiga mgongoni mmoja baada ya mwingine, bila swali. Maswali yalikuja baadaye. Dereva wa kokoto, ambaye mke wake naye wanaye, aliinuka akasema anataka kumwona. Walimvunja mkono juu ya jiwe. Nimezoea sauti ya vitu vinavyovunjika. Hiyo sijaizoea.

Mtu mmoja wa nguo za kiraia alikuwa amesimama kando chini ya turubai akitazama. Watu wanamwita Koti, kwa sababu koti lake la ngozi halivui hata jua likiwaka. Alimwambia msimamizi kwa upole, "Kikulacho ki nguoni mwako." Kisha akanitazama mimi.

Kipenga alipigwa kuliko sisi, kwa kuwa alikataa kulala kwenye tope. Alipoinuka alinipapasa mgongo kwa vidole vyake vile vya gome na kuniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 7 Aprili

Yule mwanamke asiyejulikana ameachiwa. Ni muuza mbegu. Mikono yake ilikuwa na mbolea, ambayo nayo hugeuza karatasi zambarau. Alikuja nyumbani akasimama mlangoni, hakutaka kukaa, hawezi kukaa. Amesema wako katika vyumba vinavyofuatana na wanasikilizana. Kila asubuhi wanamtoa mke wangu. Wanataka jina la anayetoa baruti. "Yule dada anapiga kelele," akasema, "lakini kelele zenyewe hazina neno ndani yake."

Mama mkwe alimshukuru. Kisha akaingia uani akapiga ukuta kwa kiganja, tena na tena, mpaka mtoto akaanza kumwiga.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Sijala.

Jumatano, 9 Aprili

Koti ameniita kambini mchana. Chumba kina meza ya fundi viatu, bado ina alama za visu. Alinimiminia chai mwenyewe.

"Kaa, ndugu. Sukari?"

Nilimwambia niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. "Afande, karatasi zile zinashika baruti ya nguo. Mke wangu anafua. Njooni kwangu mpanguse shuka, mpanguse sufuria, mpanguse kikombe cha mtoto. Vyote vitageuka."

"Najua."

Nilishusha kikombe mezani.

"Tangu wiki ya kwanza najua," akasema. "Nilimkamata mmoja wenu, nikajipangusa mwenyewe baadaye, nikawa zambarau mpaka kwenye kiwiko. Lakini mimi simtafuti mfuaji, ndugu yangu. Walio juu wameniuliza baruti ya stendi ilitoka wapi. Niwaambie sijui? Unamwona huyu aliyekaa hapa kabla yangu? Humwoni. Yeye ndiye aliyesema hajui."

"Haikutoka kwetu. Tunapima kila kitu."

"Sawa. Ghala lenu funguo ziko kwa nani?"

"Kwangu na kwa Kipenga."

"Nani kati yenu amewahi kulifungua peke yake?"

Nyuma ya ukuta mtu alikohoa. Nakijua kikohozi hicho. Kila masika humshika mke wangu kifuani. Kisha nikasikia ndoo ikiburutwa, na mlango, na sauti yake ikisema hapana, hapana, si kwa ukali, kama anavyomwambia mtoto asichezee moto. Koti hakugeuka. Alikuwa akikoroga chai.

Nikasema, "Kipenga. Jumapili, tarehe tisa."

"Kufanya nini?"

"Sikuwepo."

Kelele nyuma ya ukuta zilikoma. Labda aliamuru kwa ishara, labda zilikuwa zikome tu. Koti alisema, "Nenda nyumbani. Faili lina safari zake, lakini mkeo atarudi."

Sikusema uongo hata neno moja. Nilipunguza tu. Nilipunguza paa, nikapunguza mvua, nikapunguza shati langu mgongoni mwake. Chai niliimaliza.

Mama mkwe ameuliza walichosema. Nimemwambia atarudi. Akauliza, "Kwa nini?" Nimemwambia sijui.

Alhamisi, 10 Aprili

Walikuja asubuhi tukijaza matundu. Kipenga alikuwa amepiga magoti, kiwashio cha baruti mkononi. Wakamwelekezea bunduki zote wakipiga kelele akitupe.

"Hiki hakitupwi, vijana," akasema. "Kinawekwa. Rudini nyuma kidogo."

Walirudi nyuma. Wote, na bunduki zao, walimtii. Alikiweka chini, akafuta mikono, akainuka. Hapo ndipo wakamrukia. Walimpiga vitako vya bunduki kichwani mpaka sikio likaning'inia. Aliangukia mgongo, akanitafuta kwa macho, akanipata.

"Malizia matundu, mwanangu," akasema. "Usiyaache na maji."

Walimburuta kwa miguu, kichwa kikigonga kila jiwe, na mawe pale hayahesabiki. Nimemaliza matundu. Ilipofika saa ya kulipua hapakuwa na wa kupuliza, Redio akapiga kelele kwa mdomo.

Jumapili, 13 Aprili

Taarifa ya habari imesema fundi mkuu wa mabomu ya magaidi ameuawa alipojaribu kutoroka. Wamesema raia mwema alisaidia.

Mimi na Redio tumekwenda kumchukua chumba cha maiti. Waliokwenda naye kwenye hiyo safari ya kutoroka walimpiga risasi usoni na kifuani. Mgongo hauna hata tundu. Vifundo vya mikono vina alama za kamba, na vidole vile havina kucha, vitano vimegeuzwa upande. Mtu mwenye mikono hiyo alikimbilia wapi? Redio alimshika miguu, mimi mabega.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumemzika. Watu wachache, wengine wameogopa. Mjane wake alinishika mkono kaburini akawaambia waliokuwepo, "Huyu ndiye mwanawe." Mvua ilinyesha nikashukuru, uso wa kila mtu ulikuwa umelowa.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo Redio amekuja kukaa karibu nami wakati wa chakula. Tangu mazishi alikuwa hasemi, hata utani, na watu wameanza kumuuliza kama anaumwa.

"Na mimi waliniita," akasema. "Siku moja kabla yako. Koti. Alikupa chai?"

"Alinipa."

"Na mimi alinipa. Akaniuliza nani hufungua ghala. Nikaanza kumweleza habari za mpira. Nikamweleza mechi ya mwaka jana, goli kwa goli. Akanipiga kofi. Nikamweleza nusu ya pili. Akanipiga na waya, nikamweleza mwamuzi alivyotuonea. Akaniambia mimi ni mjinga niondoke." Alikunja shati akanionyesha ubavu, ngozi imepasuka kama ganda la muhogo. "Mdomo huu huu mnaousema."

Hakunisubiri nimjibu. Alichukua chakula chake akaenda kula karibu na mashine.

Miaka yote nilimwogopa Redio.

Jumanne, 22 Aprili

Gari limelipuliwa kwenye kizuizi cha darajani. Askari saba na foleni nzima ya asubuhi. Viungo vimekutwa mtoni na kwenye miti. Kipenga yuko kaburini zaidi ya wiki, na baruti imepatikana vilevile. Wanajeshi wamechoma mtaa mmoja karibu na daraja kulipiza. Moshi tunauona hapa licha ya mvua.

Sikuhisi kitu. Niliwaza tu kama kambi nayo imeguswa.

Ijumaa, 25 Aprili

Amerudi.

Alikuwa amekaa nje ya geti la kiwanda, pekupeku, bila mtu. Muuza mbegu ndiye aliyempitia akanitumia habari. Nilimbeba mpaka nyumbani. Amekuwa mwepesi kama nguo kavu. Vidole vya mkono wa kulia vimevunjwa na vimeanza kuunga vibaya. Nyayo zake sitaki kuziandika. Binti yetu alimkimbilia, kisha akasimama kabla hajamfikia, akamwamkia kama mgeni.

Mama mkwe alimwosha. Mimi nilichota maji.

Jumamosi, 26 Aprili

Ameamka mchana, akanywa uji kwa kijiko mkononi mwangu. Kisha akasimulia kidogo.

"Walikuwa wanataka jina moja tu. Kila siku jina lile lile. Walikuwa nalo tayari, walitaka nilitamke mimi niweke saini. Kipenga, Kipenga, Kipenga. Nikawa nawaza, mzee yule alikunywa chai kwangu. Nikisema, nitamkaribisha tena kwa uso gani?" Akafunga macho. "Basi sikusema. Hajambo? Mbona hajaja kuniona?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Nilisema, "Lala kwanza."

Baadaye mama mkwe alinifuata uani. Alisema kwa sauti ya chini, "Kesho anataka kwenda kwa Kipenga. Mwambie kwamba amekufa. Na kama kuna jingine, mwambie pia, kabla hajaambiwa njiani." Anajua. Sijui tangu lini. Labda tangu aliponiuliza kwa nini.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua imepumzika. Mke wangu alikataa kubebwa. Tulitoka taratibu, ameegemea bega langu, nyayo zake zimefungwa vitambaa. Pale penye kisima nilisimama, nikamwambia. Kwanza kifo. Alilia huku amesimama. Kisha nikamwambia chai, meza ya viatu, Jumapili tarehe tisa, na yale niliyoyapunguza. Nilimwambia nilimsikia akikohoa nyuma ya ukuta.

Alifuta machozi kwa mkono wa kushoto.

"Ulinisikia," akasema.

"Nilikusikia."

"Nilikuwa nasema hapana."

"Nilisikia."

Aliondoa mkono wake begani kwangu. Akaanza kutembea mwenyewe, akishika ukuta wa nyumba za watu, na vitambaa vikaanza kutoa damu. Nilimfuata hatua chache nyuma, sikuthubutu kumshika. Nilidhani atanifukuza. Hakunifukuza; tulikwenda hivyo mpaka kwa mjane wa Kipenga. Mlango ulikuwa umerudishwa, ndani kulikuwa na sauti ya sufuria.

Mke wangu alisogea pembeni, akaniachia njia.

"Piga hodi wewe," akasema. "Na uingie wewe kwanza. Uyaseme yote, kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Nikapiga hodi.

"Nani?"

Nikataja jina langu.

"Karibu, mwanangu," mjane akajibu kutoka ndani. "Mlango uko wazi, sukuma tu."